Nilienda na slaidi 42 kuelezea kuhariri jeni, swali la kwanza likanimaliza

Mara ya kwanza kuitwa kuongea na watu wa kawaida kuhusu kuhariri jeni, yaani kubadilisha maelekezo ya kurithi yaliyoko kwenye DNA ya kiumbe, nilijiandaa kama naenda kufanya mtihani. Slaidi 42. Kulikuwa na DNA inazunguka, kimkasi cha Cas9 (protini inayokata DNA) kinakata, bakteria wanapambana na virusi (manake teknolojia yenyewe imetoka huko, ni kinga ya bakteria ambayo watu wameigeuza kifaa), mpaka picha ya wanasayansi Jennifer Doudna na Emmanuelle Charpentier na Nobel yao ya kemia ya 2020 niliweka. Nikaongea karibu saa nzima bila kunywa maji. Nikamaliza, nikasema haya maswali, huku moyoni nikiomba mtu aniulize huo mkasi unajuaje pa kukata, sababu jibu lake nilikuwa nalo tayari kwenye slaidi ya akiba.

Mama mmoja mtu mzima aliyekaa nyuma kabisa akanyoosha mkono. "Mwanangu, umeongea vizuri. Sasa ikiharibika, tunamshika nani?"

Slaidi ya hilo sikuwa nayo.

Nikaanza kujiumauma, nikasema hatari ni ndogo, tafiti zinafanyika kwa umakini, na blabla nyingine. Mama hakuuliza hatari ni kubwa au ndogo. Akanitazama, akakaa, na kikao kikafia hapo hapo, watu wakashika simu zao.

Tangu siku ile nimeendesha vikao vingi, vingine vimeenda poa na vingine vimeharibika vibaya tu, na kwa kuwa kila baada ya muda kuna mtu ananiuliza aanzie wapi nimeona niandike tu mara moja.

La kwanza, toa kichwani ile imani kwamba watu wanasita kwa sababu hawajaelewa, eti ukiwaelewesha vizuri watakubali wenyewe. Mimi nimeona kinyume chake. Anayeelewa zaidi ndo anakuja na maswali magumu zaidi, na mengi hayahusu maabara kabisa, ni nani anaamua, nani analipa, nani anawajibika, na mimi nikikataa naachwa vipi. Na usifikiri wataalamu wenyewe huwa wanaanzia hapo. Mwaka 1975 wanasayansi wapatao 140 walikutana Asilomar, California, kujadili DNA ya viumbe tofauti inayounganishwa pamoja, na wakaamua makusudi kabisa kujadili usalama tu, mambo ya maadili na jamii yakawekwa pembeni. Ile kazi ya usalama waliifanya vizuri na mpaka leo inasifiwa. Ila vile vilivyowekwa pembeni ndo hivyo hivyo yule mama alinirushia.

Siku hizi naanza kikao kwa kuuliza kabla sijaeleza chochote: mkisikia wanasayansi wanaweza kubadilisha jeni, kitu gani kinakuja kichwani? Halafu nanyamaza. Kunyamaza ni kazi jamani, dakika ya kwanza unaona kama umepoteza ukumbi mzima, vumilia, mtu atasema kitu na baada ya hapo hutawaweza.

Pili, usichanganye mambo. Niliwahi kuweka nyanya, mbu na viinitete vya binadamu (mimba ikiwa changa kabisa) kwenye kikao kimoja cha masaa mawili nikidhani nawapa watu picha kamili. Kilichotokea ni kwamba hofu ya viinitete ikahamia kwenye nyanya na matumaini ya dawa yakahamia kwenye viinitete, mwisho wa siku hakuna aliyejua tunabishania nini, mimi mwenyewe sikujua. Sasa kikao kimoja jambo moja. Na swali linalosaidia kutenganisha ni hili: mabadiliko yanaishia kwa nani? Ukibadilisha seli za damu za mgonjwa mtu mzima, yanaishia kwake, akifa yanakufa naye. Ukibadilisha kiinitete, yanaenda kwa mtoto, wajukuu, na kuendelea. Watu wanalishika hili haraka kuliko slaidi yoyote.

Kwa upande wa tiba mfano wangu mkubwa ni sikoseli, ugonjwa wa damu wa kurithi. Uingereza iliidhinisha tiba yake inayoitwa Casgevy Novemba 2023, Marekani ikafuata Desemba mwaka huo huo, na ndiyo tiba ya kwanza ya CRISPR (hii mbinu ya kuhariri jeni kwa Cas9) kuruhusiwa. Ukiwa tumboni mwili wako unatengeneza himoglobini (ile inayobeba oksijeni kwenye damu) ya kitoto, ukishazaliwa kuna swichi inaizima taratibu, halafu ile ya ukubwani inachukua nafasi. Mwenye sikoseli shida yake iko kwenye hii ya ukubwani. Sasa wanachofanya hawagusi jeni yenye tatizo, wanaharibu kile kinachozima ile ya kitoto, basi inarudi kufanya kazi. Nimewahi kuona baba mmoja anacheka kwa mshangao kusikia dawa ilikuwa mwilini siku zote, imezimwa tu.

Ila usiishie kwenye kicheko. Kuna msemaji mmoja tulimwalika kwenye kikao cha wazazi wenye watoto wa sikoseli akawaambia kwa mdomo mpana kwamba ni kama sindano moja umepona. Sikumkatiza, na hilo najilaumu mpaka leo. Ukweli ni kwamba wanachukua seli shina zako, zile zinazotengeneza damu, zinaenda kuhaririwa maabara, na kabla hazijarudishwa unapigwa kemo kali ya kufuta uboho wa zamani, unakaa hospitali wiki kadhaa, na kemo hiyo inaweza kukuondolea uwezo wa kuzaa. Bei iliyotangazwa Marekani ilikuwa dola milioni 2.2 kwa mgonjwa mmoja. Mama mmoja alienda kusoma mwenyewe usiku ule, akanipigia asubuhi, hakugomba, aliuliza kwa upole tu kwa nini kemo hatukuisema. Heri angegomba. Kikao kilichofuata walikuja nusu ya watu.

Kwahiyo mabaya yaseme mwenyewe, na yaseme mapema. Hata stori ya He Jiankui, mwanasayansi wa China, naisimulia mimi kabla hawajaniuliza. Novemba 2018 alitangaza kwamba wamezaliwa mapacha ambao jeni yao ya CCR5 (inayotengeneza mlango ambao VVU huingilia kwenye seli) aliigusa wakiwa viinitete ili wasije wakapata VVU. Baba yao alikuwa na VVU, lakini njia ya kuosha mbegu za kiume ili mtoto asiambukizwe ilikuwepo tayari na ilitumika kwenye zoezi hilo hilo, kwahiyo watoto hawakuhitaji kuguswa. Fomu walizosaini wazazi ziliuita huo mradi wa chanjo ya ukimwi. Desemba 2019 mahakama ya China ikampa miaka 3 jela na faini ya yuan milioni 3. Ukificha hii, kuna kijana ataigugo akiwa amekaa mbele yako na ataisoma kwa sauti. Ukiisema wewe, mjadala unaenda pazuri sana, watu wanaiacha sayansi wanaijadili ile fomu. Kila mtu amewahi kusaini kitu bila kuelewa.

Sasa maneno. Hapa naomba nikae kidogo sababu hapa ndo nimekosea kuliko kote.

Neno kuhariri ni zuri, liko kwenye kamusi, lakini kwa wengi linaleta picha ya gazeti na mhariri anayefuta makosa. Na mimi kwa miaka mingi nililitumia hivyo hivyo kwa raha zangu, nasema DNA ni kama kitabu chenye herufi bilioni 3, saa ingine herufi moja inakosewa, tunakuja kuisahihisha. Wanafunzi walilipenda. Siku moja kwenye kikao kulikuwa na kaka mmoja kiziwi, na familia yao uziwi unarithiwa, amekuja na mkalimani wa lugha ya alama. Nikatoa mfano wangu wa kitabu. Akainua mikono, akaongea muda mrefu kidogo, mkalimani akasita, halafu akasema: "Anauliza, kwahiyo yeye ni kosa la uchapaji?"

Ukumbi kimya.

Hakuwa amekasirika, alikuwa anatabasamu hata, nadhani amelizoea. Akaeleza kwamba ana mke kiziwi, watoto wawili, kazi yake, lugha yake, na kinachomsumbua maishani sio masikio, ni ofisi zisizo na mkalimani. Akasema pesa za kuhariri watoto kama wake ziwekwe kwanza kwenye wakalimani halafu tuone kama bado kuna mtu analalamika. Dada mmoja upande wa pili, yeye alimpoteza mdogo wake kwa ugonjwa wa kurithi, akamjibu kwamba anamwelewa lakini kwa mdogo wake hakukuwa na mkalimani wa kumsaidia, alikuwa anakufa tu. Wale watu wawili waliongea karibu nusu saa, na mimi mwezeshaji kazi yangu ilikuwa kusogeza maiki. Hawakukubaliana. Walibadilishana namba.

Tangu hapo nimeacha kosa, nimeacha kasoro, nimeacha kurekebisha. Nasema kubadilisha, basi. Hata mkasi nimeupunguza, sababu unafanya mambo yaonekane safi mno kama fundi nguo anapunguza uzi. Kukata ni nusu ya kazi, anayeunga baada ya kukata ni seli yenyewe, na inaunga inavyojua yenyewe, hapo ndo mambo yanaweza kwenda kombo hata kama ulikata pale pale ulipotaka, achilia mbali kwamba saa ingine inakatwa sehemu isiyokusudiwa. Ukisema mkasi tu umeficha hilo, hata kama hukukusudia.

Na usijipe uhakika kwamba unajua nani atasema nini. Uingereza mwaka 2022 walikusanya raia 21, wote kwenye maisha yao au familia zao kuna ugonjwa wa kurithi, wakakaa siku nne kusikiliza na kujadili kama sheria ya viinitete, inayokataza kuzalisha mtoto kutoka kiinitete kilichohaririwa, iangaliwe upya. Wengi wakaona serikali ifikirie kubadilisha sheria kwa magonjwa mazito, ila kwa masharti. Wengine hawakukubali kabisa, na wote maisha yao yameguswa na hilo jambo. Kwahiyo ukialika "mwakilishi wa wagonjwa" mmoja ukadhani umemaliza, hujamaliza.

Mambo ya utaratibu nayapitia haraka. Watu 8 mpaka 12 ndo kikundi kinachoongea, zaidi ya hapo wanaongea watatu. Mkae duara. Mtaalamu apewe dakika 10, na akizidisha mkatize hata kama ni profesa, hasa kama ni profesa. Nauli walipe, na mwenye mtoto mdogo awe na pa kumweka. Mabosi wasikae kikundi kimoja na wafanyakazi wao.

Lingine ni mbu. Hapa ndo ushirikishwaji unapofika ukingoni, na kiukweli sina jibu. Kawaida jeni inarithiwa na nusu ya watoto, lakini kuna mbinu ya kuifanya irithiwe na karibu wote, ili ndani ya vizazi kadhaa mbu wa malaria wa eneo zima wawe wamebadilika. Mgonjwa anaweza kusaini fomu, mbu anaruka. Mzee mmoja aliniuliza, sisi tukikubali na jirani kijiji cha pili akikataa, mbu wataambiwa wageuze? Watu walicheka, mimi pia, lakini nenda kaangalie Burkina Faso. Kijiji cha Bana walikubali baada ya mazungumzo ya miaka, na Julai 2019 wakaachiwa mbu dume tasa waliobadilishwa jeni, wala sio hao wa kusambaa, hatua ya mwanzo tu. Agosti 2025 serikali ikasimamisha mradi wote. Ridhaa ya kijiji sio ya nchi, na ridhaa ya mwaka ule sio ya leo. Ukiulizwa swali kama la yule mzee, sema sijui. Nimelisema sana hilo neno na hakuna kikao kimewahi kuvunjika kwa ajili yake.

Kitu ambacho kimewahi kuniumiza kuliko vyote ni kupeleka maoni mahali ambapo uamuzi ulishafanyika. Kuna taasisi ilitupa kazi, tukazunguka miezi minne, tukaandika ripoti nzuri, kumbe muongozo wao ulishapelekwa kuchapishwa kabla hata hatujafanya kikao cha mwisho. Sisi tulikuwa picha za kuweka kwenye ripoti ya mwaka. Niliona aibu kuwapigia wale watu. Sasa kabla sijakubali kazi nauliza, na nataka kwa maandishi, nani atasoma, lini, na kitu gani bado kinaweza kubadilika. Wakiniambia hakuna cha kubadilika ila wanataka "kuelimisha jamii", nawaambia watafute mtu wa matangazo.

Yule mama wa mwanzo nilimpata tena, kwenye kazi nyingine baada ya kama miaka miwili. Safari hii alikaa mbele. Nilikuwa na slaidi 3 na nimekuja na mwanasheria. Swali lake nikaliuliza mimi kabla yake, nikamwachia mwanasheria. Akapekua makaratasi yake, akarudi nyuma, akapekua tena, halafu akasema ukweli, kwamba kwenye rasimu tuliyokuwa tunaijadili kibali kinatolewa na kamati na hakuna kipengele kinachosema mtu akidhurika miaka 20 baadaye anamdai nani.

Mama akasema, "Haya, kiandikeni hicho kwanza, mengine tutaongea."

Tukakiandika. Kiko ukurasa wa kwanza wa ripoti, hoja namba 1, na mhariri alitaka kukigeuza kiwe cha kiofisi nikamkatalia, kimebaki na maneno yake: ikiharibika, tunamshika nani.