Kufuatilia utafiti wa demensia bila kupotezwa na WhatsApp

Dada, pole kwa kumuuguza mama. Umeuliza ufuateje utafiti mpya wa demensia (kupungua kwa kumbukumbu na uwezo wa kufikiri), wakati kila wiki unatumiwa habari za dawa "inayoponya". Inayoponya haipo bado. Ukikuta neno hilo, futa.

Nyingine zichunguze: dawa ilijaribiwa kwa panya au kwa watu? Wagonjwa wa hatua gani? Ilisaidia kiasi gani? Chukua lecanemab, dawa ya Alzheimer (aina ya demensia inayoonekana zaidi), iliyopata kibali kamili Marekani mwaka 2023. Ilishangiliwa sana. Lakini kwenye majaribio ilipunguza kasi ya kuzorota kwa takriban asilimia 27 katika miezi 18, tena kwa Alzheimer ya hatua za mwanzo tu, na yaweza kuvimbisha ubongo au kuvujisha damu ndani yake. Mama yako, ambaye umesema hawatambui tena wanawe, haimhusu.

Usihangaike kusoma kila utafiti. Soma wanaozikusanya tafiti na kuzipima: Cochrane, wenye muhtasari wa lugha nyepesi, na tume ya demensia ya jarida la kitabibu la Lancet. Ripoti yake ya 2024 ilitaja vihatarishi 14 (mambo yanayoongeza uwezekano wa kupata demensia), vikiwemo usikivu hafifu, presha na kisukari. Hiyo itakufaa wewe na ndugu zako kuliko mama.

Utafiti wa namna ya kumtunza mgonjwa nao usiudharau (kwangu mimi ndio wenye faida leo hii). Mgonjwa akibadilika ghafla na kuanza fujo, kabla ya kukubali vidonge vya kumtuliza, mwombe daktari aangalie maumivu, choo kigumu na UTI (maambukizi ya njia ya mkojo).