Kabla hujaomba kazi ya polisi kwa sababu ya Cops

Mdogo wangu, umeuliza kama maisha ya askari wa Marekani ndiyo yale ya kwenye Cops, kipindi cha televisheni kinachofuata askari wakiwa kazini, maana unataka kuomba kazi hukohuko uliko. Nakusihi, usiamue kwa kipindi hicho.

Kilianza kurushwa 1989, na unachokiona ni dakika chache zilizochujwa kutoka saa nyingi za doria: kufukuzana, pingu, kelele. Isitoshe, idara za polisi zilipewa nafasi ya kuzipitia picha kabla hazijarushwa, kwa hiyo makosa ya askari utayaonea wapi? Juni 2020, baada ya George Floyd kuuawa na polisi, kituo cha televisheni cha Paramount Network kilikiondoa. Live PD, kipindi kingine cha polisi, nacho kikafutwa mwezi huohuo, ilipojulikana kwamba picha zao za mtu aliyefia mikononi mwa polisi Texas mwaka 2019 hazikuhifadhiwa. Hilo liliniuma sana.

Nenda kwenye idara ya mji wako uombe kupanda gari la doria kwa zamu moja. Nyingi huruhusu raia. Mimi nilipanda usiku mmoja. Karibu saa nzima tulikuwa kwenye maegesho, askari anachapa ripoti ya mlango uliovunjwa, kahawa imepoa pembeni. Kisha tukaitwa kwa bibi mmoja anayeishi peke yake, kasikia vishindo darini. Askari alipanda akamulika tochi, akamfungia dirisha, akakaa naye mpaka mikono ikaacha kutetemeka. Hakukamatwa mtu.

Ukishuka kwenye gari, muulize huyo askari sikukuu ya mwisho alikula na wanawe lini.