Antena sita hazitakusaidia

Ndugu, umeuliza ununue ruta gani, kile kifaa kinachorusha waifai: kwa faiba ya kasi ya Mbps 40 katika nyumba ya vyumba viwili mtaani Pipeline, na waifai inayokufa ukifika chumba cha kulala, usinunue ruta kwa kuhesabu antena. Hapo majirani wote wamejazana kwenye 2.4 GHz, bendi ya mawimbi ya waifai yenye chaneli tatu tu zisizoingiliana: 1, 6 na 11. Chukua ruta ya bendi mbili, 2.4 na 5 GHz, ya Wi-Fi 6 (kizazi cha sita cha waifai) mfuko ukiruhusu, kisha simu na TV uziunganishe kwa 5 GHz. Ila 5 GHz haipendi ukuta wa mawe, kwa hiyo vuta waya wa mtandao wa Cat5e kutoka kisanduku cha faiba, uiweke ruta juu kwenye korido. Nyuma ya TV ndipo pabaya kabisa.

Soma kasi ya poti (matundu ya waya) kwenye boksi la ruta. Za Mbps 100 zinakutosha leo, lakini ukipanda kifurushi cha 200 utakwama. Kabla ya kulipa, uliza kampuni yako ya intaneti kama inatumia PPPoE, yaani ruta kuingia mtandaoni kwa jina na nywila; ikiwa ndiyo, wakupe. Bila hizo ruta itawaka taa vizuri na intaneti usiione. Na ukinunua UPS ndogo (betri ya akiba) ya stima ikipotea, linganisha volti na adapta zote mbili: kisanduku nacho kinataka umeme.