Nyayo Zinazowaka Kama Makaa

SWALI: Daktari, mimi ni mpishi katika mkahawa mmoja hapa Nairobi, nina umri wa miaka 46. Tangu Januari nyayo zangu huvimba na kuwaka kama zimekanyaga makaa, hasa nitokapo jikoni au nijifunikapo blanketi usiku. Nafuu naipata kwa kutumbukiza miguu katika beseni la maji ya barafu, hata kwa muda wa saa mbili, lakini sasa ngozi imeanza kuchanika. Nifanyeje? – Mama wa Umoja

JIBU: Mama, pole sana, ila beseni hilo liweke kando kuanzia leo. Najua ndilo linalokupa usingizi, lakini maji ya barafu huilainisha ngozi hadi ikachanika na kuingiza viini, na vidonda vya namna hiyo hupona kwa shida. Isitoshe, ukishaitoa miguu, moto hurudi kwa nguvu nawe ukalazimika kuitumbukiza tena. Afadhali uiinue juu ya mto, uielekezee feni kwa kiasi, na usiku uiache nje ya blanketi. Kazini siwezi kukushauri uvae ndala kando ya mafuta yanayochemka; omba kupumzika mbali na jiko kila baada ya muda, na uvae soksi nyepesi za pamba.

Dalili zako zinafanana na eritromelaljia, ugonjwa adimu ambao Silas Weir Mitchell, daktari wa Marekani, aliueleza mwaka 1878. Vitabu husema kwamba miguu huwa myekundu, jambo ambalo kwa ngozi zetu nyeusi laweza kufichika, na mara nyingi mgonjwa humfikia daktari miguu ikiwa imeshatulia. Kwa hiyo ipige picha maumivu yanapoanza.

Omba upimwe sukari, kwa kuwa kisukari ndicho chanzo cha kawaida zaidi cha nyayo kuwaka, kisha upimwe hesabu kamili ya chembe za damu. Kipimo hiki cha pili usikiache, kwani wakati mwingine ugonjwa huu hutokana na uboho kutengeneza kupita kiasi chembe za kugandisha damu, na hapo aspirini huweza kuleta nafuu kubwa. Hata hivyo, usijinunulie dukani kabla ya kupimwa, hasa kama una vidonda vya tumbo.

Ikiwa mipasuko hiyo itatoa usaha, au upate homa, au mguu mmoja pekee uvimbe, nenda hospitalini siku hiyo hiyo.