Kundi la WhatsApp la Darasa Langu Lilivyonitoa Jasho

Juzi mwalimu mmoja kijana aliniandikia: "Shikamoo mwalimu. Nataka kulifungulia darasa langu kundi la WhatsApp. Nianzie wapi?" Nilicheka peke yangu, kisha cheko likanikauka. Miaka mitatu nyuma ningemjibu papo hapo: fungua, ingiza namba, kazi imekwisha. Ndivyo nilivyofanya mimi.

Nafundisha baiolojia. Sijisifu, ila shuleni kwetu ni mimi niliyetangulia kuonyesha video ya moyo ukipiga, kwa projekta ya kuazima na shuka jeupe ukutani. Waliokuwa wakisinzia wakainua vichwa. Kijana wa nyuma kabisa akasema, "Mwalimu, rudisha pale vali inapofunga." Rudisha! Miaka kumi nachora moyo ule kwa chaki, hakuna aliyewahi kuniomba nirudishe chochote. Nikalewa sifa. Jioni hiyo hiyo nikafungua kundi, nikaingiza namba 43, nyingine za wazazi, nyingine za wanafunzi wenyewe. Sikumuuliza mtu.

Mwanzoni raha tupu. Nilichosahau ni kwamba ndani ya kundi kila mtu anaiona namba ya mwenzake. Binti mmoja mpole akaanza kupokea meseji usiku, kutoka kwa mtu asiyemjua. Hakuniambia. Aliacha tu kunyoosha mkono darasani, nami nikaona ni uvivu, nikamsema mbele ya wenzake. Hilo la kumsema ndilo linaloniuma mpaka leo.

Mama yake alikuja na simu mkononi. Hakupiga kelele. "Mwalimu, nani alikuruhusu kuigawa namba ya mwanangu?" Nikabaki kukodoa macho. Kwenye kikao mwalimu mkuu akanianika mbele ya walimu wote, kwa ile sauti ya "tulikuonya". Hakuna aliyenionya, lakini tuyaache hayo.

Sasa wewe mdogo wangu, sikiliza. Anza na ruhusa ya mzazi, tena kabla, si baada. Tazama na umri: WhatsApp, Facebook na Instagram zote zinataka mtumiaji awe ametimiza angalau miaka 13, na si kazi ya mwalimu kumfundisha mtoto kudanganya mwaka wake wa kuzaliwa. Kundi unaweza kulifunga ili maadmini pekee waandike. Mpangilio huo upo tangu 2018, mimi niliukumbuka maji yakishamwagika. Lakini hata ukilifunga, namba bado zinaonekana. Ndiyo maana siku hizi natumia orodha ya matangazo, na natuma kwa wazazi tu. Ujumbe unamfikia kila mmoja kivyake, hawaonani, mradi tu awe ameihifadhi namba yako kwenye simu yake. Na ruhusa, narudia, ruhusa kwanza.

Video za YouTube ziangalie mwenyewe mpaka sekunde ya mwisho, na uzime ile hali ya kuleta video nyingine yenyewe. Usiniulize nilijuaje.

Halafu walimu wenzangu, tuambiane ukweli. Wengine tunawasha projekta ili tupumzike. Video ya dakika ishirini, mwalimu yuko kwenye simu yake, eti teknolojia! Onyesha dakika tatu, simamisha, uliza damu inakwenda wapi sasa, subiri jibu. Mwaka 2023 ripoti ya UNESCO kuhusu elimu iliuliza teknolojia hii inatumika kwa masharti ya nani. Yule mama alikwisha niuliza hilo, akiwa amesimama mlangoni pa ofisi ya walimu.

Haya yote nilimwandikia yule kijana, ujumbe mrefu kama barua ya posa. Akajibu: "Asante sana mwalimu. Ila kundi nimeshalifungua jana, wameshaingia wote."

Nikampigia simu palepale.