Spana imepotea, ndege inataka kuruka

Mdogo wangu, umesema mmemaliza kazi kwenye Caravan, ile ndege ndogo ya Cessna, hapo Luano, uwanja wa ndege wa Lubumbashi, spana ya 10 haionekani, na mkubwa wako anasema rubani ataikagua ndege kabla ya kuruka. Ndege isiruke.

Rubani huzunguka nje: matairi, oili, maji kwenye mafuta (masika haya ni lazima), kifuniko cha pitoti (mrija wa kupimia mwendo). Hafungui sakafu. Chini ya sakafu ndiko zinakopita kebo za usukani, na spana ikiteleza hadi kwenye puli, kigurudumu kinachoongoza kebo, usukani unaweza kukwama angani.

Andika upotevu huo kwenye kitabu cha ndege, leo. Ukishaandikwa, fundi mwenye leseni atalazimika kuufunga kwa sahihi yake, na hapo hata mkubwa hupunguza haraka. Kisha anzeni mlipofanyia kazi mwisho, kwa tochi na kioo. Sumaku husaidia kwa chuma tu, alumini haiishiki. Pekueni mifuko ya maovaroli pia. Mara nyingi, yarabi, iko huko.

Baadaye chora umbo la kila kifaa kwenye ubao wa kuvitundika, pengo lionekane mara moja, na mhesabu kabla ya kufunga vifuniko, vitambaa vikiwemo.