Shule ya ndege za majini: anza kwa kuuliza maji

Kila nikirudi Tanga kuna kijana hanikosi. Hunifuma Raskazone jioni, shikamoo kaka, kisha simu inatolewa. Ana leseni ya rubani wa biashara kwa ndege za kawaida, sasa anataka idhini ya kurusha zile za maboya, zinazotua majini, na kwenye simu ana bei za shule nne za ng'ambo. "Kaka, niende ipi?"

Bei iache kwanza, mdogo wangu. Waulize wanafundishia maji gani.

Mimi sikuuliza. Nilivutwa na picha ya ndege nyeupe juu ya ziwa, nikalipa ada yote kabla sijapanda hata basi la kwenda Dar. Shule sitaitaja. Nilipofika, ndege ya kwenye picha ilikuwa ndani ya hanga, imepandishwa juu ya magogo, boya moja limefunguliwa lina ufa. Na hiyo ndiyo ndege pekee waliyokuwa nayo. Siku tisa nikalala chumba cha kupanga nikila mkate na mayai, visa inakwisha. Ilipotengemaa wakanikimbiza: siku mbili mafunzo, ya tatu mtihani. Nikafaulu. Nikaomba kuikodi niruke peke yangu, wakasema bima yao hairuhusu. Nikarudi nyumbani na idhini mpya na saa za kuruka za kuhesabu kwa vidole.

Wiki hiyohiyo nilikuwa Sahare na mjomba, mvuvi wa ngalawa tangu sijazaliwa. Saa moja asubuhi, bahari imelala kama kioo. Nikamwonyesha kwa kidole: "Mjomba, pale ningetua vizuri kabisa." Akaendelea kufumua wavu wake. "Pale? Hebu kaa hapa mpaka saa nne." Ilikuwa bamvua, siku ambazo maji hupwa na kujaa kupita kawaida. Saa nne ilipofika, pale nilipokuwa natua kwa mdomo palikuwa mwamba mtupu na nyasi za baharini, na akina mama wanachokoa pweza.

Ziwa nililofundishiwa halikupwa wala kujaa. Hakuna aliyenifundisha kusoma jedwali la maji, wala kufikiria ndege uliyoifunga asubuhi itakuwa imekalia nini mchana. Kama ndoto yako ni pwani hii, au visiwa, tafuta shule iliyo na bahari karibu, hata kama siku mbili tu za mafunzo zitafanyika huko.

Halafu hicho kioo chenyewe. Mtu wa nchi kavu hudhani maji shwari ndiyo rahisi. La. Maji yakiwa shwari kabisa jicho halipati pa kushika, hujui uko futi hamsini au tano juu yake. Unachofanya ni kuiweka pua juu kidogo, unaacha injini ivute kwa nguvu ndogo, unashuka taratibu kama futi 150 kwa dakika, ukiwa karibu na ufuko ili macho yapate alama, kisha unasubiri maji yakuguse yenyewe. Huyatafuti. Mimi zoezi hilo nililifanya siku yenye viwimbi, tukiigiza tu. Kwa hiyo uliza: mwanafunzi akikosa siku ya shwari, mnamrudisha?

Upepo watakufundisha popote, na mtoto wa Tanga ana nafuu hapo. Ndege ikiwa majini haina breki, na ukiiachia hugeuza pua kuutazama upepo. Aliyewahi kushika usukani wa ngalawa, akajua goshini, upande upepo unakotoka, na demani, upande unakoelekea, ataelewa kabla mwalimu hajamaliza sentensi.

Ukiweza kufika kabla ya kulipa, itazame ndege, usitazame ofisi. Kila boya lina vyumba visivyopitishiana maji, na kabla ya kuruka huvutwa kwa pampu ya mkono, kimoja kimoja. Simama uone wanavuta maji kiasi gani. Kama wanaruka baharini, tazama kama wanaiosha kwa maji yasiyo na chumvi jioni, maana chumvi hailali. Na kama maboya yana magurudumu, sikiliza kama mwalimu hutamka kwa sauti kila anaposhuka: natua majini, magurudumu yako juu. Ukitua majini magurudumu yakiwa chini, ndege hupinduka kifudifudi. Mwalimu anayeona aibu kulitamka hilo, mkimbie.

Kuhusu saa za kuruka: Marekani hakuna idadi ya chini iliyowekwa kwa idhini hii, ukiiva unafanya mtihani wa vitendo. Ndiyo maana kuna kozi za siku mbili, kama zile za Jack Brown's pale Winter Haven, Florida, wanaofundishia ndege ndogo ya Piper Cub. Kanada wanadai saa 7 za mafunzo, na ndani yake uruke na kutua mara 5 peke yako. Karatasi ni karatasi, lakini ajira nyingi ziko Maldivi, kwenye ndege za Twin Otter, na huko wataangalia saa zako. Kwa hiyo swali la bima na kuruka peke yako usilifanye la mwisho kama mimi. Na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania, waulize kwa barua, kabla hujatuma pesa, watahitaji nini ili idhini hiyo iingizwe kwenye leseni yako ya Tanzania.

Mambo haya si mageni kwetu, kwanza. Mwaka 1937 ndege kubwa za majini za Imperial Airways zilianza kupita pwani hii zikienda Durban, zikitua Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Tanga walituruka tu. Mjomba anasema walijua wanachokifanya, waliuona mwamba.

Kijana kanitumia ujumbe jana. Shule mbili zimemjibu kila kitu, isipokuwa bima. Nimemwambia aulize tena, na safari hii waandike jibu.